Hapa Nilikuwa Mimi

Wifi yangu tunamwita Mkasi, na msidhani ni kwa sababu ya ushonaji peke yake. Ni kweli anashona sare za shule, kwenye chumba cha mbele kinachotazama barabara, cherehani inanguruma tangu asubuhi. Lakini na ulimi wake unakata. Siku ya kwanza niliyoletwa kwao kama mchumba wa kaka yake, alinitazama juu mpaka chini akasema, "Gauni lako limepinda upindo upande wa kushoto." Hata salamu hakuna! Nilinuna mpaka nilipofika nyumbani, nikalivua gauni, nikalitandaza kitandani, nikakuta kweli limepinda. Tangu hapo sisi ni kutaniana asubuhi hadi jioni, na ole wake anayeingia katikati.

Nasimulia mimi habari zake kwa sababu yeye akianza kujieleza anaishia kuilalamikia kompyuta. Mimi sina aibu hiyo. Najivuna kwa niaba yake, na anayekereka na akereke.

Mambo yalianza na bomba. Bomba la jikoni lilipasuka hakuna mtu nyumbani, na chini ya sinki ndiko lilikokuwa bati la biskuti lenye picha zote za familia yao. Nani aliweka picha chini ya sinki? Mume wangu. Ukimuuliza anakwambia palikuwa salama. Tuliporudi, picha zinaelea. Mkasi hakulia wala hakumfokea mtu, na hilo ndilo lililonitisha. Alizitandaza juu ya meza ya kukatia vitambaa, akachukua simu, akazipiga picha moja moja zikiwa bado zinachuruzika. Kumbe alijua anachofanya. Zilipokauka zilikuwa zimegandana, na kila tulipobandua moja, sura za watu zilitoka na rangi. Tukabaki na zile za kwenye simu tu.

"Sasa hizi nazo ni picha?" akasema. "Zimelala humu ndani kama sindano zilizomwagika."

Aliyempa dawa ni kinyozi wa mtaa wa nyuma, mteja wake anayemletea makoti ya kazi. Huyo akikosa kichwa cha kunyoa huwa anakaa kwenye kompyuta anatengeneza kurasa za kumbukumbu. Unaweka picha zako, chini yake unatandika karatasi yenye maua au mistari, unaandika maneno yako mwenyewe, halafu unatia kivuli kidogo pembeni ili picha ionekane imebandikwa kwa mkono. Ukimaliza unautuma ukurasa kwenye kundi la simu, wenzako wauone. Na kundi lina sheria yake: ni marufuku kusema "nzuri". Lazima useme jicho lako limetua wapi kwanza. Anayesema "nzuri" anaambiwa akaangalie tena.

Mkasi akatafuta kompyuta iliyokwishatumika, akaiweka kwenye kona ya chumba cha kushonea, na vita vikaanza. Kipanya alikikandamiza kama pasi. Alisikiliza maelezo ya kinyozi kwenye simu, anarudia, anabonya, kitu kinapotea, anamsema kinyozi na ukoo wake wote. Ukurasa wake wa kwanza aliutuma kifua mbele. Kwenye kundi kuna bibi mmoja, nesi mstaafu, wanamwita Bibi Vivuli kwa sababu hana dogo kwenye mambo ya vivuli. Akajibu: "Jicho langu limetua kwenye vivuli. Mwenzetu, huko kwenu kuna majua matatu?"

Kweli, picha moja kivuli chake kilianguka kulia, nyingine kushoto, ya tatu juu. Mimi nilicheka hadi mbavu zikauma. Mkasi akafunga kompyuta kwa kishindo akasema watu wale hawana adabu na hatarudi tena huko. Baada ya chakula akarudi. Aliurekebisha ukurasa ule kivuli kwa kivuli, jua likabaki moja, akautuma tena bila neno hata moja. Bibi Vivuli akajibu: "Sasa tunaongea." Mngemwona wifi yangu siku ile! Alitembea ndani ya nyumba kama kapandishwa cheo.

Halafu akaja na jambo lake mwenyewe ambalo hakuna aliyemfundisha. Wenzake walitandika maua na nyota za kupakua. Yeye akakusanya vipande vyake vya vitambaa, khaki, drafti za bluu, fulana za michezo, akavipiga picha kwa karibu mpaka nyuzi zinaonekana, akavifanya karatasi za kutandika. Kundi lilichangamka. "Jicho langu limetua kwenye khaki, nimeikumbuka kaptura yangu iliyochanika matakoni!" Watu wakaanza kumwomba vitambaa vyake, akawagawia bila kinyongo, na wageni wakija kundini wanaelekezwa kwake. Wifi yangu, aliyekuwa anakandamiza kipanya kama pasi, sasa anaitwa Mwalimu. Nisijivune?

Ila alichokipenda kuliko vyote ni kukata. Fundi ni fundi. Akiona pembeni mwa picha kuna kitu kinachungulia, kiwiko cha mtu, nusu ya kitambaa cha kichwani, mkono usio na mwenyewe, basi hatulii. "Hiki nacho kinaning'inia nini hapa? Toka!" Picha ikabaki safi, watu wako katikati, kila kitu kimenyooka.

Sasa mama mkwe wangu. Mama alikuwa mpishi wa shule ya bweni miaka yake yote, ndiye aliyewalea hawa, na sasa tunakaa naye. Si mtu wa maneno mengi, ila akiita, hata jirani anaitika. Ulipopangwa mkutano wa familia nzima, tulikubaliana kurasa za Mkasi zichapishwe kubwa zitundikwe sebuleni. Mkasi akataka Mama azione kwanza kabla ya mtu yeyote. Alimvutia kiti, akamfutia miwani, akafungua ukurasa baada ya ukurasa, mimi nimesimama nyuma yao na kikombe changu cha chai.

Mama alitazama taratibu. Akafika kwenye ule wa watoto wamejipanga na sare zao siku ya kufungua shule. Akanyoosha kidole, lakini hakugusa mtoto yeyote. Aligusa pembeni, kwenye khaki tupu.

"Hapa nilikuwa mimi," akasema.

"Wapi, Mama?"

"Hapa. Nilikuwa namnyoosha huyu kola, ilikuwa imekunjika. Mkono wangu ulikuwemo." Mkasi akafungua ukurasa mwingine. Mama akagusa pembeni tena. "Na hapa nilikuwa mimi. Aproni yangu ilionekana." Kisha akavua miwani. Wala hakukasirika, afadhali angekasirika. "Si kitu, mwanangu. Kazi yako ni nzuri sana. Tundikeni hizo zenu. Mimi kwenye nyumba hii nilikuwa mtu wa kuwapanga watu wapigwe picha."

Akainuka, akaenda zake jikoni.

Siku ile Mkasi alifunga mlango wa mbele mchana kweupe, jambo ambalo sijawahi kuliona tangu nimeolewa. Niliingia nikamkuta amekaa chini kati ya mabaki ya vitambaa, machozi yanamtoka. "Wifi, nimemkata mama yangu," akaniambia. "Nimemkata kwa mkono wangu mwenyewe, na nikasifiwa." Hakuna picha hata moja ya Mama akiwa amesimama akatulia. Siku zote alikuwa anawaita, anawafuta pua, anawasogeza, na kamera ikilia ndiyo kwanza anajitoa. Vile vipande vya pembeni ndivyo vilivyokuwa Mama. Picha za karatasi zilikwisha kuharibika. Zile za kwenye simu alizifuta simu ilipojaa, maana alishaziingiza kwenye kurasa. Na kwenye kurasa kazikata.

Moyo uliniuma, na mimi moyo ukiniuma huwa nakuwa mkali. Nikamwambia, "Inuka hapo! Kulia utalia baadaye. Una kundi zima la watu wanaojua haya mambo, unamlilia nani, cherehani?"

Akaandika kwenye kundi. Hata hatujaiweka simu chini, kinyozi kagonga mlango, kitana mfukoni, anahema. Alikuwa amemwacha mtu kwenye kiti na kichwa nusu.

"Ulizikata kwa njia niliyokufundisha mimi? Ile ya pazia?"

"Nilizikata! Kukata si kukata tu?"

"Mimi nikinyoa, nywele hazirudi," kinyozi akasema. "Lakini pazia si wembe. Hukukata kitu, fundi. Ulifunika. Mafaili ya kazi unayo, yale ambayo kila kitu kiko kwenye tabaka lake?"

Hapo Mkasi akanitazama, na mimi nikamtazama. Mume wangu alikuwa amempigia kelele mwezi mzima ayafute mafaili yale, yamejaza kompyuta inatambaa kama imevunjika mguu, na kurasa zenyewe si zimeshakamilika? Yeye akakataa katakata. Jibu lake lilikuwa lilelile: "Fundi hatupi vipande." Anavyo vipande vya vitambaa vya tangu hajaota mvi, kwenye magunia, chini ya meza. Na mafaili nayo aliyaweka hivyohivyo, hakufuta hata moja.

Akafungua la siku ya kufungua shule. Kinyozi akamwelekeza: bonya tabaka la picha, sasa lile pazia, livute pembeni. Akavuta. Ile khaki ikarudi nyuma taratibu, na kutoka ukingoni ukatokea mkono wa Mama, vidole viwili vimeshika kola ya mume wangu.

Nilipiga ukelele, mtu wa kichwa nusu akaja mbio na shuka ya kinyozi shingoni.

Kuanzia hapo Mkasi hakushikika. Alifungua faili baada ya faili anavuta mapazia, anamtoa mama yake. Kiwiko. Nusu ya kitambaa cha kichwani. Pindo la aproni. Na picha moja ya nyasi tupu mbele ya miguu ya watoto, ambapo kumelala kivuli kirefu, maana siku ile kamera ya kuazima aliishika Mama mwenyewe. Kivuli kile Mkasi alikikata akiona kinachafua picha. Sasa alikikuza kikachukua chini yote ya ukurasa, na juu yake akapanga vile vipande vikubwa vikubwa, kila kimoja na kivuli chake chembamba, jua moja. Watoto ndio waliokatwa safari hii. Mume wangu, na maringo yake yote, kabaki kola na sikio. Katikati ya ukurasa kwenye khaki akaandika maneno matatu kwa mfano wa uzi mweupe: Hapa nilikuwa mimi.

Akautuma kundini. Mimi nikaanza kuuma kucha. Kisha Bibi Vivuli, yuleyule asiyeridhika na lolote, akaandika: "Jicho langu limetua kwenye ule mkono likakataa kutoka. Leo vivuli hata sijaviangalia." Wakafuata wengine, mmoja baada ya mwingine. Kuna aliyesema anarudi kwenye kurasa zake zote akavute mapazia, naye ana mama.

Siku ya mkutano sebule ilijaa watu mpaka mlangoni, kinyozi naye tulimwalika, ni haki yake. Ukurasa ulitundikwa ukutani, mkubwa kama mlango wa kabati. Mama akaletwa. Mkasi mwenyewe, ulimi wote ule, ulikwisha. Ikabidi nimfinye ndipo akatoa sauti:

"Mama, jicho lako limetua wapi?"

Mama akavaa miwani, akasogea, akatazama mkono, aproni, kitambaa, akashuka mpaka kwenye kivuli. Akakaa hapo.

"Limetua kwangu," akasema.

Akamshika Mkasi shavuni, kwa mkono uleule. Mimi hapo nilikuwa nalia waziwazi na sikujificha. Kisha Mama akageuka akatutazama wote, uso ukabadilika, sauti ya jikoni ya shule ikamrudia.

"Mnalia nini? Leteni simu, tupigwe picha! Wewe, sogea. Wewe mrefu, nyuma. Na wewe, kola gani hiyo?" Akaanza kutupanga kama kawaida yake, anarudi nyuma kidogo kidogo kujitoa. Mkasi akamkamata mabega, akamrudisha katikati kabisa.

"Leo husogei, Mama."

"Haya, nimesimama," Mama akasema. "Lakini asinikate mtu."

Kinyozi akapiga. Picha hiyo ndiyo iliyoko kwenye ukurasa mpya wa wifi yangu. Mama yuko katikati anacheka, mkono wake mmoja bado uko kwenye kola ya mume wangu. Kona ya juu kuna kidole cha kinyozi kimeziba lenzi. Nilimwuliza Mkasi mbona hajakikata. Akaniambia nisimguse mtu.