Mafiga Nyuma ya Mlango

Ni mimi niliyesema tupange chumba kwanza. Nalisema mapema ili msije mkatafuta mwingine wa kulaumu humu ndani, kwa sababu hayupo. Baba alikuwa tayari kununua, mama alikuwa tayari tangu siku ya kwanza, na yule mzee mwenye shamba alikuwa tayari kuuza. Mwenye akili nyingi nilikuwa mimi.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Meru, msichana wa miaka ishirini na mitatu, viatu vya ngozi, mkoba mkononi, najiona nimefika. Wazazi wangu walikuwa Embu. Baba alikuwa karani wa stoo ya serikali huko kwa miaka mingi, akastaafu katikati ya Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, na sijui wakati mbaya zaidi wa mtu kustaafu. Nyumba yetu, kule juu karibu na msitu, ilibomolewa watu walipoamriwa kuhamia kijiji kilichozungushiwa handaki. Shambani kwetu homugadi, wale askari wenyeji wa serikali, wakajenga kituo chao. Baba akasema hawezi kumalizia uzee wake akitazama bendera ya watu ikipepea juu ya migomba yake. Akaomba kibali aje kukaa karibu na binti yake, na kwa kuwa jina lake lilikuwa safi kule ofisini, akapewa.

Walikuja juu ya lori la mahindi. Walikuwa na kitanda, sanduku la baba, sufuria mbili, majembe, na gunia moja zito ambalo mama hakutaka utingo aliguse. Alilishusha mwenyewe, mgongo umepinda, jasho linamtoka. Nikafungua kamba nione. Ndani mlikuwa na mafiga yake matatu, meusi tii kwa moshi.

"Mama, umebeba mawe? Kutoka Embu? Kwani Meru nzima hakuna mawe?"

"Yapo," akasema. "Haya si mawe."

Alikuwa ameyatoa majivuni siku ile nyumba ilipobomolewa, huku askari wakimpigia kelele aharakishe. Moja lilikuwa na pengo ubavuni, pale shoka la baba lilipoteleza walipokuwa bado vijana. Juu ya mawe hayo nilipikiwa uji wangu wa kwanza. Mama alishika mambo ya mama yake, kwamba mwanamke akihama huhama na mafiga yake, na pale anapoyatua na kuwasha moto ndipo kwake. Ukiyatua mahali unapopita tu, umesema uongo, na moto hausahau. Mimi nilikuwa nimesoma, nikacheka.

Nilikuwa nimewatafutia chumba mtaani Majengo, katika nyumba ndefu ya mfanyabiashara mmoja Mwislamu mwenye malori, paa la madebe yaliyopondwa, sakafu ya saruji. Mzee yule alikuwa mtu wa heshima. Alimpokea baba kwa mikono miwili, akamwita "mzee mwenzangu", na mkewe akamwita mama "Mama Mwalimu" tangu siku hiyo. Mama alitazama sakafu, akatazama dari, akaliburura gunia lake hadi nyuma ya mlango, akaliacha hapo.

Sasa niwaeleze akili zangu. Niliwaambia, "Kaeni mvua mbili kwanza." Mgeni aujue mji kabla mji haujamjua. Na siwezi kusema lilikuwa wazo la kijinga, hapana, laiti lingekuwa la kijinga ningelala usingizi. Siku zile ukinunua shamba, ulinunua na jirani. Jirani mmoja mbaya akipeleka jina lako ofisini, umekwisha. Au unajenga leo, kesho inakuja amri kwamba mteremko wote uhame. Na Waembu pale mjini walikuwa wa kuhesabika, kila ukifungua mdomo watu wanageuka kuangalia kipande chako cha kitambulisho kiko wapi. Nikamwambia baba asije akauziwa mbuzi kwenye gunia. Baba alinisikiliza. Aliniita Mwalimu kwa utani, lakini alinisikiliza, kwa sababu alikuwa amelipa karo yangu na alitaka kuona imezaa nini.

Shamba lenyewe walilipata mwezi wa kwanza tu. Lilikuwa ng'ambo ya mto Kathita, mwendo wa nusu saa kwa miguu, la mzee mmoja Mmeru asiyekuwa na mtoto wa kiume. Kulikuwa na mti mmoja mkubwa wa muringa juu, na chini kijito. Mama alivua viatu nilivyomnunulia, akashuka hadi majini, akakandamiza udongo kwa kisigino. Akatabasamu, na tangu walipohama sikuwa nimemwona akitabasamu.

"Hapa nduma zitakubali," akamwambia baba. "Na nyumba iwe pale, mlango uangalie mlima."

Kule ardhi haikuuzwa na watu wawili vichakani. Wazee wa mteremko ule ilibidi wakae, wanywe pombe ya asali, watembee mpaka wote na kuupandia mimea ya mpaka, ndipo mgeni aitwe mwenyeji. Na Emajensi ilikuwa imekataza watu kukusanyika bila ruhusa. Yule mzee alihangaika ofisini hadi akapata ruhusa ya Jumamosi moja. Mkewe akatengeneza pombe. Wazee wakaitwa. Siku ya Ijumaa nikaja kutoka shule, nikamkuta baba anapiga pasi koti lake, nami nikaanza: baba, tumekaa mwezi mmoja tu, hatujui watu hawa, hatujui huo mteremko utaachwa au utahamishwa, mvua mbili tu, si mliniahidi?

"Mwalimu, wazee wameshaitwa."

"Haraka haraka haina baraka, baba."

Akaweka pasi chini. Alimtazama mama. Mama alikuwa anachambua maharagwe, hakuinua kichwa, kwa sababu mbele ya mtoto hakuwa na desturi ya kubishana na mumewe. Baba akasema basi, nenda wewe ukawaambie, maneno ni yako. Nikaenda, na viatu vyangu vya ngozi, nikamwambia mzee wa watu kwamba tutangoja kidogo. Aligeuka akautazama mtungi wa mkewe.

"Sawa," akasema. "Pombe itanyweka tu."

Hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo hakunionyesha. Nilirudi nikijisifu kwamba mambo yameisha kiungwana. Ole wangu.

Maisha ya kupanga yakaanza. Mama alipikia jiko la makaa barazani, amechuchumaa kati ya wapangaji wengine, huyu anakaanga, yule anachemsha maji ya kuoga. Alikuwa mwanamke wa kujua kila kijiti cha kuni chake, sasa ananunua makaa kwa kopo. Chakula chake kilibadilika ladha, na nasema kweli, kilikuwa kibaya. Mke wa mwenye nyumba alimwonea huruma.

"Mama Mwalimu, si uyatoe mawe yako ukapikie uani? Nani atakukataza hapa?"

"Asante, mama. Lakini hapa ni kwako."

"Mnangoja nini basi?"

"Mvua. Ndivyo Mwalimu alivyosema."

Yule mama akacheka, akapiga makofi. "Ngoja ngoja huumiza matumbo, shoga yangu!" Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni nasahihisha madaftari, nikacheka pia.

Mvua za kwanza zikaja zikaisha. Hakuna aliyehamishwa ng'ambo ya Kathita. Hakuna jirani mbaya aliyejitokeza. Mama alikuwa akiniuliza, kwa upole tu, "Zimekwisha?" Nami namjibu, "Bado zile nyingine, mama." Baadhi ya Jumapili aliomba tutembee hadi kule. Alisimama njiani, hakuingia shambani, akaangalia muringa, tukarudi. Baba naye alianza kuwa mzito. Alishinda barazani na mwenye nyumba, wanazungumza bei za mahindi na habari za redio, wazee wawili wasio na pa kwenda. Siku moja nilimsikia akimwambia, "Nilihesabu vitu vya watu miaka yote hiyo, sasa sina hata mlango wa kufunga." Nikajifanya sikusikia.

Mvua za pili zilikuwa za baridi mbaya. Saruji ile ilitoa jasho. Mama akashikwa na kichomi. Tulimpeleka hospitali, akapewa dawa, akarudi, akapata nafuu, akainuka siku mbili, akalala tena. Niliketi kando ya kitanda nikamwambia mvua zikikatika tu, wiki hiyo hiyo, tunanunua. Nilimwambia nitaenda mwenyewe kumpigia yule mzee magoti. Akanishika mkono, mkono wake una moto.

"Usinilaze kwa watu, mwanangu," akasema. "Tafadhali."

Hakusema neno lingine kubwa. Nilielewa. Hakuwa anaogopa kufa, alikuwa anaogopa kufa akiwa mpangaji.

Alifariki Alhamisi, saa nne asubuhi. Nilikuwa darasani nafundisha kugawanya. Mwenye nyumba alikuja mwenyewe, kanzu imelowa hadi magotini, akasimama mlangoni mwa darasa. "Mwalimu, njoo nyumbani." Niliacha chaki mezani nikamfuata.

Sasa ikawa tumzike wapi? Kuna watu hudhani kaburi ni jambo dogo, mradi kuna ardhi. Baba alikwenda ofisini kuomba kibali cha kumrudisha Embu. Akaambiwa kitachukua siku, na hata kikitoka, atamzika wapi, kituoni kwa homugadi? Misheni walikuwa na makaburi yao ya watu wao, na mama hakuwahi kubatizwa. Mwenye nyumba alileta sanda, alileta mbao, alileta mkewe na majirani, lakini makaburi yao yalikuwa ya Waislamu, na alisema hivyo akitazama chini, maskini.

Mchana huo baba akavaa koti lile lile, tukavuka Kathita katika mvua. Yule mzee alitukaribisha, akatupa viti karibu na moto. Baba akasema, "Niuzie leo." Sikuwahi kumsikia baba akiomba mtu kitu kwa sauti ile.

Mzee alisukuma kuni motoni. Kisha akasema, "Ndugu yangu, pole. Pole tena. Lakini leo huniombi shamba. Unaniomba kaburi. Mkeo akilala hapa, shamba ni lako hata kama wazee hawajakaa, kwa maana nani atamhamisha? Ndugu zangu watasema nimeugawa urithi wao kwa sababu ya machozi. Wangekaa wazee, ningesema ndiyo sasa hivi. Na ruhusa ya kukaa wazee…" Akafungua viganja vyake vitupu. "Niliipata mara moja."

Hakunitazama. Angenitazama ningeshukuru.

Tulimzika siku iliyofuata katika uwanja wa serikali nyuma ya hospitali, mahali pa wageni na wafungwa na watu wasio na wenyewe. Hakuna shamba pale, ni safu tu. Walituwekea kijiti chenye namba. Baba aliuliza namba ile ni ya nini, mchimbaji akamwambia kwa adabu kabisa kwamba ni ya kujua zamu, kwa sababu miaka ikipita safu huchimbwa upya. Yaani hata pale tulikuwa tumepanga.

Baba akarudi chumbani, akalitoa gunia nyuma ya mlango, akalibeba mwenyewe. Aliyapanga mafiga matatu juu ya kaburi, kama yanavyokaa jikoni, lile la pengo upande wa mlima. Nilitaka aniseme, anitukane, anipige hata. Alisema tu, "Twende, kafyu ya usiku isitukute."

Hakununua shamba tena. Alilipa kodi ya chumba kile, akazungumza bei za mahindi.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu alizaliwa mapema, na hakai mbali.

Mvua zilipokatika tulikwenda kulisafisha kaburi. Kijiti kilikuwepo. Mafiga hayakuwepo. Nilipandwa na hasira, nikaanza kuzunguka uwanja nikitukana kwa Kiembu, mwalimu mzima. Nyuma ya ua palikuwa na vibanda vya watu waliohamishwa kutoka huku na huku, vya majani makavu ya migomba na magunia. Mbele ya kimoja mwanamke alikuwa anapika, mtoto mgongoni. Niliona pengo kabla sijaona sufuria.

Nikamwendea mbio. Nilishafungua mdomo. Baba akanishika mkono, kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Mwache."

"Baba, ni ya mama!"

"Najua ni ya nani."

Mwanamke yule alisimama, hajui kosa lake, akatuona tu wageni wawili wamesimama mbele ya moto wake wakati wa chakula. Akafanya kama mama yangu angefanya. Akafuta kigoda kwa kanga, akasema karibuni, chakula ni kidogo lakini kimeiva.

Baba akakaa. Akapewa nduma na maharagwe kwenye sahani ya bati, akala taratibu, kofia magotini, macho motoni. Alipomaliza aliomba tena, yeye ambaye kwa miezi yote ile alikuwa anaacha chakula nusu. Mimi nilikaribishwa mara mbili. Nilisimama nje ya moshi nimeshika mkoba wangu, na sikuweza kukaa.