Bolti Ambayo Caz Hakuisahau

Nianze na mimi mwenyewe, maana mwenye kosa ndiye anayepaswa kutangulia. Naitwa Duane Prewitt, nina miaka sitini na sita, naishi Wyandotte, Michigan, na kwa miaka ishirini nimekuwa mdomo mkubwa kuliko wote katika klabu yetu ya magari ya zamani. Nina fulana tatu zenye picha ya pedeli tatu: klachi ya mguu wa kushoto, breki na mafuta. Ukija na gari la otomatiki kwenye mkusanyiko wetu wa Jumamosi, mimi ndiye nitakayekufuata mpaka mlangoni kukuuliza mguu wako wa kushoto uliuacha wapi. Nilikuwa nasema gari la otomatiki linakubeba tu kama gunia la viazi, lakini la gia za mkono unaliendesha wewe. Watu walicheka, nami nikajiona wa maana sana.

Ukweli wenyewe huu hapa. Plymouth yangu ya mwaka 1968 iko gereji vipande vipande tangu mke wangu alipofariki, na gari ninaloendea dukani na kanisani ni otomatiki. Siku za mkusanyiko naliegesha mtaa wa nyuma na kuja kwa miguu. Mguu wangu wa kushoto haukuwa umekanyaga klachi kwa miaka kumi na moja. Aliyejua hayo ni Butch Delaney peke yake, kwa sababu yeye ana gari la kuvuta magari mabovu na hupita kila kichochoro.

"Wewe na gia za mkono ni kama padri na ndoa," aliniambia siku moja. "Unahubiri vizuri mno, mzee."

Nilimtukana, yakaisha. Lakini ninayetaka kumsimulia siye Butch. Ni Casimir Wojtas, ambaye sote tulimwita Caz.

Caz alizaliwa Hamtramck, katika familia ya Wapolandi, akafanya kazi miaka thelathini na moja kwenye kiwanda cha giaboksi. Mtu mfupi, mpole, mwenye masikio makubwa na viganja vipana. Alikuwa na tabia moja: ukimsimulia safari, kila ukifika kwenye kona mguu wake wa kushoto unakanyaga sakafu chini ya meza, kama ndiye anayeendesha. Mkewe, Rosalie, alimwekea kipande cha zulia pale jikoni ili asichakaze sakafu. Caz hakuwahi kumcheka mtu kwa gari lake. Mimi nikimfukuza kijana wa watu mwenye otomatiki, Caz alikuwa anamfuata nyuma yangu na kumkaribisha kahawa.

Alipokuwa na miaka ishirini na miwili alinunua Pontiac GTO ya mwaka 1966, ya buluu, gia nne, kabureta tatu. Ndani ya gari hilo ndimo alimomchumbia Rosalie. Binti yao alipozaliwa akaliuza, akanunua gari la kubebea mtoto na mizigo, na hakulalamika. Miaka thelathini na minane ikapita. Siku moja alikwenda kununua mahindi kwa mkulima mmoja upande wa Monroe, akachungulia bandani, akaona kuku anataga kwenye kiti cha nyuma cha GTO ya buluu. Kwenye kiti cha dereva palikuwa na tundu la sigara, na ile sigara aliiangusha mwenyewe akiwa kijana. Aliniambia alikaa chini kwenye majani makavu akalia mpaka yule mkulima akamletea maji.

Akalijenga upya kwa miaka sita. Injini ilikuwa ileile iliyozaliwa nalo, na kwa watu kama sisi hilo si jambo dogo. Injini nyingine utaipata, ile ya kwanza ikifa imekufa. Nilikuwa nakwenda kumtazama akifanya kazi. Kila bolti aliikaza kwa spana ya kipimo, mara tatu, akiongeza nguvu kidogo kila mara. Halafu anaitaja namba yake kwa sauti, anachovya njiti ya kiberiti kwenye rangi ya njano, anaitia doa kichwani. Ukimkatiza katikati ya hesabu anaanza upya tangu ya kwanza, bila kununa.

Siku moja, akiwa na njiti mkononi, aliniambia kwa nini. Baba yake aliishi miaka tisa ya mwisho bila kumjua mtu hata mmoja, na ilianza hivihivi, kwa kusahau vitu vidogo. "Mimi kufa siogopi, Duane," alisema. "Naogopa kusahau kitu halafu nisijue kama nimesahau." Nilimpigapiga begani nikamwambia akili yake ni nzima kuliko ya klabu yote. Basi nilijua. Mtu asije akaniambia sikujua.

Klabu yetu ina desturi. Anayemaliza kujenga gari haliendeshi safari ya kwanza. Tunaamini mjenzi hana masikio ya haki siku ile. Kila mlio anausikia kama ugonjwa. Kwa hiyo anamchagua rafiki alipeleke kando ya mto maili nne na kulirudisha, naye anabaki kwenye uwanja wa maegesho akiwamiminia wenzake kahawa. Kuchaguliwa ni heshima kubwa. Jumamosi ya kwanza ya Septemba, mbele ya watu thelathini, Caz alinipa mimi ufunguo.

Pale ndipo ningesema. Ningesema, ndugu yangu, sijashika gia miaka kumi na moja, mpe Butch. Ni sentensi moja tu. Lakini nilikuwa nimevaa ile fulana.

"Injini mbichi hii," Caz aliniambia akiinama dirishani. "Usivuke mizunguko elfu tatu na mia tano kwa dakika. Itembeze tu, kama unamtembeza mama yako."

"Mzee, unamfundisha nani?" nikamjibu, na watu wakacheka.

Maili tatu nilikwenda vizuri. Klachi ilikuwa nzito, lakini mkono ulianza kukumbuka, na sauti ya ile injini ilinitia wazimu. Nilijisikia nina miaka kumi na tisa. Barabara ilikuwa tupu. Nikakanyaga mafuta nikiwa gia ya pili, nikatia ya tatu, nikakanyaga tena mpaka mshale wa mizunguko ukapita mbali sana pale nilipoambiwa. Kutoka ya tatu kwenda ya nne unashusha mkono moja kwa moja. Mimi kwa pupa niliuvuta upande wangu, nikaingiza ya pili kwa nguvu zote, na klachi nikaiachia kama mpumbavu.

Gari likapiga yowe, injini ikilazimishwa kuzunguka kupita uwezo wake. Mshale ulikwenda mpaka mwisho ukagota pale. Kukawa na mlio mmoja mzito chini ya boneti, halafu moshi, halafu mafuta yakamwagika barabarani, halafu kimya. Kipande cha chuma kilikuwa kimetoboa ubavu wa injini kikatoka nje. Nilijua nilichofanya kabla gari halijasimama. Na kabla sijashuka, mkono wangu, huuhuu, ukairudisha ile gia huru.

Nilipopiga simu, Butch ndiye aliyemleta Caz kwa gari lake la kuvuta. Caz alishuka akikimbia, mtu wa miaka sabini na moja, na hakulitazama gari. Alinishika mabega.

"Umeumia?"

"Hapana."

"Imekuwaje?"

"Nilikuwa taratibu tu," nikasema. "Ikaanza kugonga yenyewe. Nikazima, lakini wapi, ikapasuka."

Aliniamini palepale. Uso ulimshuka. "Nisamehe, Duane," alisema. "Ningekuua." Nami nikamwambia hapana neno, Caz, ni mambo ya mashine.

Wiki ile akaifungua injini. Bolti moja inayofunga kishikio cha pistoni ya sita ilikuwa imekatika, na kichwa chake hakikuonekana popote. Kwa vyovyote kilisagika na kutoka na mafuta. Nyingine zote zilikuwa na doa lao la njano. Sasa ile moja ilikuwa na doa au haikuwa nalo? Kwa fundi mwingine lingekuwa swali la kawaida. Yeye alikaa nalo gereji siku tatu. Halafu akaja kwangu na bakuli la pierogi, zile sambusa za Kipolandi za kuchemsha, alizopika Rosalie, akasimama mlangoni bila kuvua koti.

"Nimeisahau," aliniambia. "Namba sita. Najaribu kujiona nikiikaza, sijioni. Nimekuja kukuomba radhi sawasawa, maana siku ile nilikuwa na haraka."

Nikamwambia asijali. Nikala zile pierogi. Nilizila zote, nikaosha bakuli, nikalirudisha.

Kwenye mkutano wa klabu wa Novemba Caz akasimama, akavua kofia. Aliwaambia watu kwamba amemtia rafiki yake hatarini kwa uzembe, kwamba hatajenga injini tena, na aliyemwachia kazi aje achukue vyombo vyake. Ukumbi mzima ulinigeukia mimi. Ilibidi nifanye kitu, basi nikaenda nikamkumbatia, nikasema kwa sauti, "Yameisha, ndugu yangu. Mimi sina kinyongo." Watu wakapiga makofi. Wakanipigia mimi makofi.

Butch hakupiga. Nje, kwenye baridi, alinisogelea. "Caz kusahau bolti?" akaniuliza. "Wewe unaamini?"

"Uzee huo, Butch."

"Haya," alisema, akaenda zake.

Mungu anajua nilitaka kusema. Nilikuwa najiambia nitasema baada ya Krismasi, nikaahirisha mpaka theluji iyeyuke. Nikamkwepa. Nikimwona dukani nageuzia kigari rafu nyingine. Kila siku niliyokaa kimya iliufanya uongo uwe mzito zaidi kuuinua, na mimi ni mtu mvivu wa kubeba vitu vizito. Hii si sababu. Naeleza tu ilivyokuwa.

Mwanzoni mwa Aprili Rosalie akanijia mwenyewe. Hakutaka kukaa.

"Amenikabidhi funguo zake za gari," alisema. "Haendeshi tena. Amebandika karatasi juu ya jiko: zima gesi, funga mlango, kunywa dawa. Juzi aliniomba nimpeleke akaione ile nyumba ya wazee alikokufa baba yake, ati achague chumba angali anaweza kuchagua."

"Daktari anasemaje?"

"Amempima mara mbili. Anasema hana tatizo lolote, akili yake inachemka. Caz anasema daktari hajui kukaza bolti." Alijifuta macho kwa kiganja. "Duane, ndani ya lile gari ulikuwa wewe. Labda kuna kitu ulisikia ukakisahau. Njoo uongee naye, shemeji. Wewe anakuamini."

Tulikwenda wote kwa gari lake. Caz alikuwa jikoni, saa nne asubuhi, amekonda shingo, anaandika karatasi nyingine. Akatabasamu aliponiona. Akaanza kuinuka anivutie kiti, nikamwambia kaa, Caz, tafadhali kaa.

Nilimwambia nikiwa nimesimama. Nilimwambia habari ya otomatiki, ya mtaa wa nyuma, ya miaka kumi na moja. Yeye hakuelewa kwa nini namwambia hayo. Halafu nikafika barabarani.

"Nilikuwa gia ya tatu," nikasema. "Nilikuwa nimeikanyaga sana."

Mguu wake wa kushoto ukasogea juu ya zulia.

"Ukataka ya nne," akasema.

"Ndiyo."

"Ukaingiza ya pili."

"Ndiyo."

"Mshale?"

"Ulikwenda mpaka mwisho. Bolti hiyo uliikaza, Caz. Zote ulizikaza. Hakuna bolti duniani ambayo ingestahimili. Niliiua mimi, nikairudisha gia huru ili usijue."

Akafumba macho. Alianza kuhesabu kwa midomo, moja, mbili, tatu, na alipofika sita mkono wake ukafanya kile kitendo cha kutia doa. Nikaona kifua kikimshuka, pumzi ndefu ambayo nadhani hakuwa ameishusha tangu Septemba. Rosalie alikuwa ameegemea sinki, ameziba mdomo kwa mkono. Mimi, naona aibu kulisema, nilifurahi. Kwa dakika ile nzima nilidhani nimefanya jambo jema.

Caz akafumbua macho. Akainuka, akaenda kwenye jiko, akaibandua ile karatasi, akaikunja mara mbili na kuitia mfukoni. Alinigeukia taratibu. Hakupandisha sauti, na ningemshukuru kama angepandisha.

"Injini ni chuma," alisema. "Ungeniambia palepale, ningelia kidogo, tungekwenda kula. Lakini nilikuomba radhi, Duane. Barabarani, mlangoni kwako, na mbele ya watu wote. Mara tatu. Na kila mara wewe ukanisamehe."