Kitambaa Kilichokataa Kutakata

Wapo wanawake waliojaliwa kupika, wapo waliojaliwa kusema. Priscah Nyamoita alijaliwa nguo nyeupe. Ndiyo maana kanisa la Wasabato la Homa Bay, lilipomchagua kuwa shemasi, halikumpa kazi ya kuimbisha wala ya kutembelea wagonjwa. Lilimkabidhi kitambaa cha Meza ya Bwana. Kila robo mwaka kilifunika mkate na kikombe, na Ijumaa ya kabla yake, siku ya maandalizi, Priscah aliteremka nacho ziwani, akakifua kwa sabuni ya mche, akakianika juu ya majani.

Alikuwa Mkuria wa Kehancha aliyeolewa na Mjaluo, na miaka minane ya ndoa ilikuwa imepita bila mtoto. Mama mkwe alimletea dawa za mizizi, akazinywa zote, chungu kwa chungu. Wanawake walimwita Nyar Kuria, binti wa Wakuria, kwa sauti ya watu wanaomwita mgeni. Lakini Meza ilipoandaliwa na kitambaa kikang'aa kule mbele, hakuna aliyemwona mgeni. Kitambaa kile ndicho kilichomfanya awe mtu kati ya watu.

Mwaka wa sitini na tano mumewe, Zadock, karani kwenye kinu cha pamba, alipewa nyumba katika zile mpya zilizojengwa juu ya mji. Bomba lilikuwa mlangoni, la maji ya kisima kirefu kilichochimbwa pale pale kilimani. Na mtu mwenye bomba mlangoni akionekana anateremka ziwani na karai, majirani watauliza kama ana akili.

Yale maji yalikuwa maangavu, ukiyatazama unayapenda. Taabu ilianza ukiyatumia. Maharagwe yalichemka tangu asubuhi na jioni yakawa bado yanagonga meno. Birika liliota ukoko mweupe kwa ndani. Sabuni haikutoa povu, iligeuka utando wa mabonge kama uji uliokatika. Nyumba zote ziliona hayo, lakini kila mwanamke aliona ni aibu yake peke yake. Nani angetoka nje kutangaza kwamba maharagwe yamemshinda?

Nguo za rangi na kaki zilificha. Kitambaa cheupe hakikuficha. Robo ya kwanza kilitoka na rangi ya jivu jepesi. Robo ya pili Priscah aliongeza sabuni, akasugua mpaka vidole vikachubuka, na kadiri alivyoongeza sabuni ndivyo kilivyozidi kufifia na kukakamaa. Akatia buluu ya kung'arishia nguo, kikashika madoa.

Sabato hiyo Mzee Elkanah alihubiri juu ya moyo mgumu wa Farao. Mzee wa watu hakuwa na habari na nguo ya mtu, alikuwa akihubiri somo lake. Lakini mkono wake ulikuwa umelala juu ya kitambaa kile, na kila aliposema "moyo mgumu" alikipigapiga. Priscah, kwenye benchi la pili, alihisi ni kifua chake kinachogongwa.

Maana alikuwa na siri. Kule Kehancha, kwa mama yake, kulikuwa na msichana wa miaka kumi aitwaye Nyanchama, ambaye watu wote walimjua kama mdogo wake. Hakuwa mdogo wake. Alimzaa yeye, kabla ya Zadock, na mama yake akamchukua mtoto na kumwambia anyamaze. Akanyamaza.

Robo ya tatu alifunga siku mbili, akaomba, ndipo akafua. Alifua mara tatu. Kitambaa kikatoka kibaya kuliko zamani zote. Kesho yake kanisani alisimama nacho mkononi.

"Ndugu zangu, nyinyi munaona hiki kitambaa," alisema. "Si sabuni imekataa. Ni mimi. Yule msichana mimi husema ni mdogo yangu, ni mtoto yangu. Nilimzaa kabla ya ndoa, na bwana yangu hajui."

Kanisa lilimsamehe kabla ya saa sita mchana. Walilia, wakaimba, wakampa kitambaa Mama Jerusha, shemasi mzee aliyekaa kando ya ziwa, akitunze kwa muda. Kusamehe kwao kulikuwa rahisi, haikuwagharimu kitu.

Zadock ndiye aliyegharimika. Nyumbani alikaa kitini na kofia yake magotini.

"Nyar Kuria, ungeniambia mimi peke yangu."

"Niliogopa."

"Miaka minane watu wananionea huruma kwa sababu ya wewe. Sasa kila mtu anajua ni nani hazai."

Hakumpiga, wala hakumtukana. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulikuwa umevunjika mbele ya kanisa zima. Priscah alikaa wiki moja zaidi, akaiona Sabato iliyofuata, Meza iliyoahirishwa ilipoandaliwa na kitambaa kikarudi kutoka kwa Jerusha kikiwa cheupe kama unga wa muhogo. Watu walitikisa vichwa polepole. Yeye mwenyewe alitikisa chake. Jumapili Zadock alimpandisha basi na sanduku lake.

Mwaka wa tatu tangu aondoke, Mama Jerusha alishuka Kehancha na miguu yake iliyovimba, akaulizia mpaka akafika. Alimkuta Priscah anapepeta wimbi. Nyanchama alileta kiti, akasema, "Dada, mgeni," akaenda zake. Alikuwa amezoea kumwita dada na ulimi ulikataa kubadilika.

"Nyathina," Jerusha alisema, yaani mwanangu, "miguu ilinishinda kwenda ziwani, nikahamia kwa mtoto yangu kule juu. Nikafua kile kitambaa kwa bomba ya huko. Kikanikataa pia. Nikafunga, nikaomba, kikakataa tu."

Priscah aliacha kupepeta.

"Halafu bomba ikaziba. Cephas, yule fundi, akaikata, ndani imejaa mawe meupe. Akacheka. Akasema hii ni pi matek, maji magumu, inatoka na chokaa chini ya ardhi. Sabuni inakufa ndani yake. Haikuwa wewe."

"Kwa hivyo Mungu hakuwa ameniuliza kitu."

"Hakuwa amekuuliza."

"Zadock anajua?"

"Anajua. Nilimwambia mwenyewe. Alisema maji ni maji, lakini yale ulisema yalikuwa kweli."

Priscah aliitazama mikono yake. "Mimi nilijua kunyamaza, Mama," alisema. "Miaka minane nilijua kunyamaza."

Ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu atoke Homa Bay, na Jerusha akaupokea ungo kutoka mapajani mwake ili wimbi lisimwagike.