Usukani Ndani ya Kiberiti

Msumari bado upo ukutani, juu ya mlango wa chumba cha mama. Usukani ndio haupo. Nilifika Kisangani mwezi uliopita baada ya miaka mingi, nikashushwa na pikipiki mbele ya nyumba yetu ya Kabondo, nikaweka begi chini, na kabla sijapewa hata maji ya kunywa jicho langu likapanda pale juu.

"Mama, volan ya papa iko wapi?"

"Nilipatia mwenye balenyeri," mama akasema, akimenya ndizi zake bila kuinua kichwa. "Ule mutu alikuwa na lazima nayo. Weye ulitaka niitie mu sufuria nipike?"

Balenyeri ni zile boti ndefu za mbao zenye injini, zinazopeleka watu na chumvi Isangi na kwingineko mtoni. Mama hana makosa. Kitu kikikaa ukutani zaidi ya miaka thelathini bila kazi, mwenye nyumba ana haki nacho. Lakini nilikaa pale kwenye kiti chake cha fito nikiwa na uchungu wa kitoto kabisa, na wewe rafiki yangu, ambaye hukukulia kwetu, itabidi nikueleze kwa nini.

Papa alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha vitambaa. Alikuwa mtu mpole wa maneno machache, na mifukoni mwake hakukosa pamba chakavu ya kiwandani, ile iliyochanganyika na nyuzi za bluu, ya kufutia mikono na kufungia vitu vidogo visipotee. Kabla mimi sijajua kusoma alinunua gari dogo kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa anafunga duka arudi kwao. Lilikuwa la rangi ya papai bivu, milango miwili ya kuingilia, na nyuma limekatika ghafla bila buti, na mlango wa tatu unaofunguka kwenda juu. Majirani walilipa jina siku hiyohiyo: Bila Mukia. Siku ya Idi bibi yangu, mama yake papa, alikaa mbele na kanga mpya, akapelekwa msikitini, mwendo ambao hata kuku angeutembea bila kuchoka, na papa alizunguka mitaa minne makusudi ili tuonekane.

Giaboksi ilikufa tukitoka sokoni, na sombe yetu, majani ya muhogo, na samaki wetu ndani. Tulisukumwa mpaka nyumbani na watu waliokuwa wanacheka. Papa akalipandisha Bila Mukia juu ya matofali chini ya mti wa safu, tunda letu la kuchemsha, akamwandikia barua mdogo wake, tonton wetu aliyekuwa Ubelgiji, amtafutie gia badala ya ile iliyovunjika. Aliichora kwenye karatasi kwa kalamu ya risasi, na vipimo vyote. Kisha akangoja. Jioni akitoka kazini alikaa ndani ya gari dakika chache, mikono juu ya usukani, safu zikidondoka tu, tap, juu ya paa.

Mimi nilingoja kwa sababu yangu. Nilikuwa darasa la nne, na nilikuwa nimejigamba mbele ya wenzangu kwamba sisi tuna gari. Wakasema ni la kulalia kuku, na kweli kuku walilala humo. Nikampelekea mwalimu kesi yangu. Ilikuwa enzi ya Zaire, mwalimu tulimwita sitoyen, yaani mwananchi, na naye alikuwa na majibu mafupi. "Gari ni ile inatembea," akasema, akaendelea kuandika ubaoni.

Mwanzoni mwa likizo kubwa msafiri mmoja alituletea kifurushi kutoka kwa tonton. Nyumba nzima ilikusanyika barazani. Papa alikipokea kwa mikono miwili, na alipokipokea tu akajua. Chuma hakina wepesi ule. Lakini alikifungua taratibu hadi mwisho, akakunja karatasi vizuri. Ndani mlikuwa na boksi lenye picha ya gari letu. Lenyewe hasa, hata rangi ilikaribia. Na barua: gia haipatikani, gari la namna ile halitengenezwi tena, ataendelea kutafuta, na hiki ni kitu kidogo cha mtoto.

Papa aliisoma barua mara mbili. Halafu akanipa boksi. Nilifurahi kwa namna ambayo mpaka leo naionea haya, kwa sababu nilimwona usoni na bado nikafurahi.

Ndani ya boksi gari lilikuwa vipandevipande, vya plastiki nyeupe, vimeshikamana na fremu zake kama samaki kwenye kamba. Kila kipande kilikuwa na namba, na kulikuwa na karatasi ya michoro yenye maneno ambayo papa alisema ni Kijerumani. Labda alibahatisha. Gundi iliyokuja nayo ilikuwa imekauka kama jiwe. Papa hakubabaika. Alichukua dawa ya mama ya kuondolea rangi ya kucha, akamimina kidogo kwenye kopo, akakatia humo vipande vya fremu visivyo na kazi, na kesho yake plastiki ilikuwa imeyeyuka, uji mzito mweupe wenye harufu ya kukata pua. Tuliupaka kwa njiti ya ufagio, na ukishika umeshika.

"Sasa miye nitatembea na kucha za kuku?" mama akauliza.

"Unatembea na gari," papa akajibu, na bibi akacheka mpaka akakohoa.

Nilitaka tumalize wiki hiyo. Nilikuwa nimeshapanga: siku ya kufungua shule ningeliweka mezani kwa mwalimu, magurudumu yakizunguka, aone kama halitembei. Papa hakutaka haraka. Kila Jumapili asubuhi, baada ya chai na mikate ya bibi, alitandaza gazeti barazani, akakata vipande kwa wembe, akavisugua, akavipachika bila gundi, akavitazama, akavitoa tena. "Ikae kwanza, kisha ishike," alisema. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake kwa kila kitu, kuanzia bawaba ya mlango hadi uchumba wa dada zake. Vipande vilivyokaa sawasawa alivifunga kwenye pamba, akaviweka kando. Vikakaa hivyo Jumapili tatu, na mimi nikimuuliza lini, naye akisema bado.

Jumapili ya nne akasema, "Leta boksi. Leo tunabandika miguu." Tukabandika magurudumu. Jumatano nilirudi kutoka kisimani nikamkuta mwanamume ambaye sikumjua akiyavingirisha magurudumu ya Bila Mukia kwenda barabarani.

Jumapili iliyofuata tulibandika injini, ndogo kuliko kidole gumba changu, na papa aliisifia kwa sauti, kipande kwa kipande, akinionyesha kila bomba linakwenda wapi. Siku mbili baadaye vijana sita waliibeba ile kubwa kwa miti na kamba hadi mtoni, iende Isangi, kwa muuguzi mmoja aliyekuwa na gari kama letu. Bibi alikuwa ameugua mafua mazito ya kifua wiki hizo na alikuwa anadungwa sindano kila siku. Sikuyaunganisha mambo hayo mawili. Tulibandika viti, viti vikaenda. Tulibandika milango na vioo, vikaenda, na kuku wakaanza kuingia garini bila kuruka dirisha.

"Bandu bandu huisha gogo," bibi alisema kutoka kitandani kwake, akisikia spana zikigonga.

Watu wazima hawakunieleza kitu. Basi nikajieleza mwenyewe, na maelezo yangu yalikuwa safi kabisa: kigari kilikuwa kinalila gari. Kila tulichobandika kwenye kidogo, kikubwa kilikipoteza kabla wiki haijaisha. Ushahidi niliuona kwa macho yangu, mara nne mfululizo, na hakuna mtoto anayehitaji zaidi ya hapo. Na mimi ndiye niliyekuwa namsukuma papa, tumalize, tumalize. Nilikosa usingizi wa mchana, nikawa sili hata lituma, ndizi za kuponda nilizozipenda, mama akanipa dawa ya minyoo.

Ikabaki kupaka rangi na kubandika usukani. Rangi ilikuwa ileile ya gari, iliyobaki kwenye kopo la zamani, na tuliipaka kwa unyoya wa kuku. Kigari kikawa papai bivu. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu ya wiki iliyofuata. Jumamosi watu wazima walipokwenda kufagia barabara kwa ajili ya salongo, ile kazi ya lazima ya kila wiki, nilifungua pamba ya papa, nikautoa usukani mdogo, mweusi, mwembamba kama kucha ya mwezi, nikautia ndani ya boksi la kiberiti tupu. Kiberiti nikakificha chini kabisa ya mkebe wa nyuzi wa bibi.

Jumapili papa alifungua pamba, ikawa tupu. Akapiga magoti. Nami nikapiga magoti. Tulipekua baraza yote, mama akachekecha takataka, bibi akaamka kusaidia ingawa haoni vizuri. Papa alitafuta saa nzima, magoti yakiwa meupe kwa vumbi, na mimi nikitafuta pembeni yake kitu nilichojua kilipo. Nimewahi kusema uongo mkubwa zaidi maishani, lakini hakuna ulionichoma kama ule. Mwishowe alikaa chini, akanitazama kwa muda. Nilijua kwamba akiniuliza nitasema.

Hakuniuliza. "Bon," akasema. "Gari bila volan haiendi popote."

Jumanne alikuja mtu kutoka Opala kuchukua usukani na vyuma vilivyobaki. Walikuwa wamekwishapatana. Papa, ambaye sikuwahi kumwona akivunja neno lake, alimpa vyuma akasema, "Volan hapana. Unisamehe, papa, volan inabakia." Yule mtu alilalamika sana, na alikuwa na haki. Kisha papa akaufungua mwenyewe, akaufuta kwa pamba, akagonga msumari juu ya mlango, akautundika.

Shuleni nilikipeleka kigari. Mwalimu alikisukuma juu ya meza, kikatembea, darasa likapiga makofi. Akakiinua akachungulia ndani. "Na volan?" Nikasema imepotea. "Basi hamujamaliza," akasema. Bodi la Bila Mukia lilichukuliwa na wahunzi wakatengeneza mbabula, majiko ya makaa, na mwaka mzima mtaa wetu ulipikia juu ya gari letu.

Nilipokuwa msichana mkubwa ndipo nilipoyapanga mambo kwa mpangilio wake. Mapatano yalifanyika kiwandani, katikati ya wiki, mbali na masikio yetu. Papa alipokwisha kukubali kuachia kitu, ndipo alipokibandika Jumapili, ili kile kikubwa kikiondoka, kidogo kiwe kimeshashika. Kigari hakikuwa kinalila gari. Papa alikuwa analihamisha.

Kigari kilikaa juu ya redio miaka mingi. Kisha, Zaire ilipokuwa inaelekea ukingoni, askari walipora mji, nao wakapita kwetu. Walichukua redio, cherehani ya mama, na mmoja akakitia kigari mfukoni, labda ana mtoto. Usukani wa ukutani waliutazama wakauacha. Usukani bila gari nani anautaka?

Mimi nilikwenda Bukavu kusoma, na katika mizigo yangu nilitia mkebe wa bibi, maana yeye alikuwa ameshafariki. Huko ndiko nilikofungua kiberiti kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya salongo. Usukani mdogo ulikuwemo. Ulikuwa umelazwa juu ya pamba, safi, yenye nyuzi za bluu. Mimi sikuweka pamba.

Nilitaka kumwambia papa ana kwa ana, si kwa barua. Vita vikafunga njia, mwaka ukaingia mwaka, na papa akazikwa mimi nikiwa upande wa pili wa msitu. Sikumwambia. Hilo nalisema wazi kwa sababu hakuna njia nyingine ya kulisema.

Kabla ya kuondoka Kisangani safari hii nilikwenda mtoni kuitafuta hiyo balenyeri. Niliikuta ikipakia magunia ya chumvi, madumu na mbuzi wawili. Usukani wa papa ulikuwa umefungwa kwa boliti kwenye ubao wa mbele, umekaa vizuri kabisa. Mwenye boti aliniacha niushike.

"Hii volan haichoki, mama," akaniambia. "Leo inashuka Isangi."

Huko ndiko injini yetu ilikotangulia. Nilibaki ukingoni mpaka boti ilipoingia katikati ya mto na kunyooka.

Niliporudi nyumbani kwa mama nilikitoa kiberiti kwenye begi nikakiweka mezani. Kwa utaratibu wa papa, kile kikubwa kimeondoka, basi kidogo kilipaswa kuwa kimeshashika. Usukani ninao. Dawa ya kucha ya mama ipo dirishani, chupa mpya. Gari ndilo halipo.