Mapichi Niliyoyasugua kwa Majivu

Kwetu Mazingara, Handeni, kitu chenye vinyweleo hakiguswi ovyo. Tumekua tukiukimbia upupu shambani. Ukikupata unajikuna mpaka unalia, na dawa tunayoijua ni majivu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba lipo tunda lenye manyoya yasiyo na neno.

Nikaolewa na Msambaa wa Mpale. Safari ya kwanza ukweni nilikuwa na shida moja tu: mama mkwe anipokee jikoni kwake. Mkamwana anayeachwa akae sebuleni bado ni mgeni, hata kama ndoa imefungwa mchana kweupe.

Kesho yake akanikabidhi beseni la mapichi yaliyochumwa muda huohuo. "Mwanangu, tuandalie haya. Baba yako akirudi msikitini tule." Akaenda kuchuma mboga. Moyoni nikasema, nimeshafika.

Nikashika pichi moja. Vinyweleo. Mkono ukaanza kuwasha, au nilidhani unawasha. Wifi yangu alikuwa uani anafagia, ningeweza kumwuliza, lakini kumwuliza yule ni sawa na kutangaza. Kiburi changu nakijua. Nikachota majivu mafigani, nikaokota gunzi la mahindi, nikayasugua mapichi ya watu kama masufuria. Yalikuwa yameiva. Ngozi ikachanika, maji yakatoka, majivu yakaganda, nami nikazidi kusugua.

Mama mkwe aliporudi alitazama beseni, kisha akanitazama mimi.

"Mwanangu, yamekuwaje haya?"

"Nimeyatoa upupu, mama."

Wifi alicheka mpaka akakaa chini na fagio lake. Mama mkwe hakucheka, na afadhali angecheka. Alichagua pichi moja lililosalimika, akalilowesha, akalifuta kwa kitambaa, akalipasua kufuata mstari wake, akatoa kokwa na kunipa nusu. Kumbe ni hivyo tu. Lilikuwa tamu, na aibu niliyoisikia siwezi kuisimulia vizuri hata leo. Yaliyobaki walipewa mbuzi.

Tuliporudi Korogwe mjini, tunakoishi, nikaanza kununua mapichi stendi. Nikafuta, nikapasua, nikamlisha mume wangu mpaka akaomba apumzike. Msimu uliofuata tukapanda tena Mpale. Safari hii nilikuwa tayari. Nikamwamkia mama mkwe, nikafunga kanga kiunoni, nikashika njia ya jikoni.

Akanishika mkono taratibu. "Kaa, mwanangu. Wewe mgeni wetu, umechoka na safari. Wifi yako ataandaa."

Nikakaa sebuleni na mume wangu na baba mkwe, sijui niweke wapi mikono. Baadaye wifi akaleta sahani. Mapichi ya wanaume yalikuwa mazima, na maganda yake. Yangu yalikuwa yamemenywa na kukatwa vipande vidogovidogo, kama ya mtoto anayeota meno. Nikayala yote, nimeinamisha uso.