Ramani Yangu ya Chini ya Ziwa

Nilichora ramani ya mchanga, kisha nikamwambia bibi yangu, yaani mke wangu, atembee juu yake. Upumbavu huo niliufanya nikiwa na cheti cha sekondari.

Ilikuwa wakati wa Wabelgiji. Mto Lualaba ulikuwa umezibwa kwa ukuta wa bwawa la umeme, na maji yakafanya ziwa upande wetu wa Kolwezi. Wanawake wa mtaa waliloweka mihogo yao ukingoni, kwenye maji ya magoti, wakiizungushia vijiti vilivyochongwa isichukuliwe na maji. Mimi, karani mpenda kukaa nyumbani, nilifika huko mara moja tu, kiangazi, na fimbo ya kupimia. Nikakuta tuta la mchanga likienda mbali ndani ya ziwa kama barabara. Nikalichora. Nikaagiza mihogo yetu iwekwe kwenye ncha yake, mbali na wezi.

Mvua za kwanza zikaja na upepo wa siku mbili. Siku ya tatu tukaenda kuokoa mihogo, maana ndiyo ilikuwa bukari yetu, ugali wetu wa wiki nzima. Mawimbi bado yalikuwa yanapiga. Jirani yetu, mama mmoja wa Kasai, alikuwa akitoa mihogo yake pale pale ukingoni.

"Mama, usiingie," akamwambia bibi. "Maji imechimba chini."

Nikacheka. "Mama, muchanga iko na miguu?" Nikafungua karatasi yangu. "Endelea, bibi. Hapo ni goti tu."

Hatua ya sita akazama mpaka kidevu.

Wimbi likifika penye kina kifupi, tumbo lake hukwaruza chini: huinua mchanga, hurudi nao, na mkondo wa pembeni huubeba. Siku mbili zilitosha. Tuta langu lilikuwa limekatwa, pamebaki mfereji, na maji yote yaliyotupwa ukingoni yalikuwa yakirudi ziwani kwa kupitia humo, kwa nguvu. Yalimng'oa bibi aliposimama. Wimbi likampiga usoni, lingine likamtupa juu ya vijiti vya mihogo. Kimoja kikampasua shavu. Akaibuka na damu mdomoni, akazama tena.

"Rudi huku! Rudi moja kwa moja!" nilipiga kelele, na yeye akanitii, akipigana na mfereji mpaka mikono ikalegea.

"Hapana! Kwenda kando, mu povu!" jirani akanguruma, tayari yuko majini. "Kule mawimbi inapasukia, ndiko muchanga iko!"

Bibi akajiachia upande. Mawimbi yakamgonga, yakamkunja, yakamburuta kwa magoti, lakini magoti yale yalikuwa yamegusa chini. Jirani akamshika nywele, akamvuta mpaka nchi kavu. Alitapika maji na mchanga.

Nikapiga magoti kando yake, nikasema nilidhani tuta lipo bado.

Jirani akakamua kitambaa chake, akaniangalia.

"Tata, weye ukikufa tutalia siku mbili tu. Huyu akikufa, utakula nini?"