Zamu Yangu ya Mei Mosi

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi alinipandisha Uluguru hadi kwenye banio, kile kizuizi cha zege kinachoelekeza maji ya mto kwenye bomba la mjini. Akanionyesha chujio, wavu wa chuma unaozuia majani. "Hapa ukifanya kazi vizuri hakuna atakayejua," akasema. "Ukizembea, Morogoro nzima itakujua." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Zuhura, Mluguru wa kijiji cha jirani. Masika yakishika, mto hushusha matope na majani, na chujio husafishwa kwa reki kutwa nzima. Mei Mosi nayo huangukia masika. Wenzetu wa mjini waliandamana na mabango, mfanyakazi hodari akatangazwa uwanjani, sisi tukabaki majini. Na desturi ya ofisi ilikuwa kwamba asiyefika uwanjani hapewi zawadi. Jambo hilo liliniudhi kweli. Mama Zuhura alisema tu, "Watu wakioga, mie yatosha."

Baadaye nilihamishiwa mjini kuziba mabomba yaliyopasuka, kisha nikawa Msimamizi. Mwaka wa mwisho wa Mama Zuhura kazini, nilipeleka jina lake kwa Meneja.

"Anastahili," alisema. "Lakini akishuka, nani atabaki kwenye banio?"

"Mimi."

Aliviangalia viatu vyangu. "Msimamizi mzima?"

"Kazi yenyewe alinifundisha yeye."

Mei Mosi hiyo nilipanda na mvua, simu nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni. Karani wetu alinipigia kutoka uwanjani ili nami nisikie. Jina la Mama Zuhura likatajwa kwenye kipaza sauti, vigelegele vikafuata. Nililia palepale kwenye maji, na sioni haya kulisema.

Jioni akapanda, fulana yake mpya ya Mei Mosi imelowa chapachapa. Nilidhani atanionyesha cheti. Aliinama, akapitisha mkono kwenye chujio.

"Pembeni hapa hukufika, bosi," akasema, akanipokonya reki.

Nami sasa nimestaafu. Niliagwa kwa hotuba na keki, nikafurahi. Ninyi mnaosimamia watu leo, toeni vyeti, ni vizuri. Lakini siku moja mshikieni mtu zamu yake. Mimi najivunia ile Mei Mosi kuliko cheo chochote. Maji hayakukatika mjini kutwa nzima, na hakuna aliyejua kwamba nilikuwa mimi.